Sabuni za Jikoni Sakina: Nunua Mizani, Kalibu Utaiokota

Boksi tupu la maziwa la lita moja, likishaoshwa na kukauka, linatoa vipande vinane au tisa vya sabuni ya kuogea. Kikombe cha mtindi kinatoa kimoja cha duara. Trei ya plastiki ya kugandishia barafu inatoa vile vidogo vya kuwekea wageni bafuni, na kipande cha bomba la PVC alichokiacha fundi kinatoa mche wa mviringo unaosukumwa nje na kukatwa kwa uzi. Katika nyumba nyingi za Sakina vyote hivi huishia kwenye ndoo ya taka. Kwa hiyo hunishangaza ninapokuta darasa la ujasiriamali likianza kwa kuwauzia akina mama kalibu za silikoni zenye umbo la ua waridi, halafu inapofika zamu ya kipimo wanaambiwa waweke "kikombe kimoja cha kostiki, kisijae sana".

Kisijae sana ni kiasi gani? Sabuni nyingi za nyumbani nilizoona zikimwagwa shimoni ziliharibiwa na kikombe hicho. Sijaona hata moja iliyoharibiwa na boksi la maziwa.

Kwa msomaji wa mbali, Sakina iko kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, upande wa Ngaramtoni, na jina lake lilisikika sana wakati wa ujenzi wa barabara ya njia nne ya Sakina–Tengeru, kilomita 14.1. Nyuma ya maduka na saluni za barabarani kuna nyumba zenye uwanja, migomba michache na jiko la nje. Jiko hilo la nje ndilo kiwanda chenyewe. Lina hewa, bomba haliko mbali, na mlango wake unaweza kufungwa watoto wasiingie. Sabuni inayotoka humo haichemshwi saa nzima kwenye pipa kama ile ya miche. Mafuta yanayeyushwa tu, yanakorogwa na kostiki soda iliyokwisha kuyeyuka kwenye maji, uji wake unamiminwa kwenye kalibu, na kazi iliyobaki inajifanya yenyewe usiku.

Kinachofanyika usiku huo ni kwamba mafuta na kostiki vinaachana na hali zao za mwanzo na kuwa sabuni na gliserini. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyelichambua jambo hili kwa undani katika kitabu alichokichapisha mwaka 1823, na hakukosa muda wa kulitafakari zaidi, maana alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 102. Alionyesha kuwa mafuta ni asidi za namna mbalimbali zilizofungwa pamoja na gliserini, na kila mafuta yana mchanganyiko wake. Mtengeneza sabuni wa Sakina anaweza kuishi bila kukisoma kitabu hicho, lakini matokeo yake hawezi kuyakwepa: kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu 100 za mafuta ya nazi hula gramu 18 hivi. Mawese na mafuta ya ng'ombe hula 14. Alizeti hula 13 na nusu, parachichi 13 na kidogo. Ukibadilisha mafuta umebadilisha hesabu, na anayekwambia "mafuta ni mafuta tu" hajawahi kuiogea sabuni yake mwenyewe.

Tuchukue boksi letu la maziwa. Gramu 500 za mafuta zinalitosha: mawese 200 ya kuifanya sabuni iwe ngumu, nazi 150 ya kuleta povu, alizeti 150 ya kulainisha. Ukipiga hesabu utaona kuwa mafuta hayo yote yanahitaji kostiki gramu 75 na kitu. Mtu makini haziweki zote. Anaweka 71, mafuta kidogo yabaki bila kugeuka, ngozi isije ikakauka. Maji ni gramu 165, nayo yapimwe kwenye mizani pia. Sasa tazama nafasi iliyobaki kati ya sabuni inayopendeza mwilini na sabuni inayochubua: haifiki gramu 5. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa chembe za kostiki kinaweza kuimaliza nafasi yote hiyo.

Ndiyo maana sina subira na kikombe. Kostiki ya vigamba ikijaa kikombe haina uzito sawa na kostiki ya chembechembe katika kikombe hichohicho. Mfuko ulioachwa wazi wiki mbili umeshavuta unyevu na hewa, umeongezeka uzito na kupungua nguvu. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inapatikana madukani mjini, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iwe fedha ya kwanza kutoka kwenye kikoba. Manukato yasubiri. Rangi isubiri. Hilo ua waridi la silikoni, ikiwezekana, lisubiri kabisa.

Kwenye maduka ya malighafi muuzaji akimwona mteja mgeni humwuliza, "Dada, unataka ya kuzibua au ya sabuni?" Ni swali la maana kuliko linavyosikika. Baadhi ya dawa za kuzibua mabomba huchanganywa na vipande vya alumini ili zitoe joto na gesi ndani ya bomba, na vitu hivyo havina kazi kwenye sabuni. Inayotakiwa ni kostiki tupu, kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, na maandishi yanayosomeka.

Alumini yenyewe ndiyo hatari inayosahaulika zaidi katika majiko yetu. Sufuria tulizo nazo karibu zote ni za alumini: zile nyepesi za dukani na zile nzito zinazosubuliwa na mafundi wa mitaani kutokana na vyuma chakavu. Kostiki ikiigusa alumini inaila. Sufuria inachemka bila moto, inageuka nyeusi, inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inawaka, na mwisho inatoboka. Nimeiona sufuria iliyopitia mkasa huo. Chini ilikuwa na vishimo vidogo vidogo na sabuni yake ilikuwa na rangi ya kijivu ambayo hakuna aliyetaka kuigusa. Tumia ndoo au jagi la plastiki ngumu, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kwa sababu hiyohiyo kikaango cha vitumbua, pamoja na uzuri wa maumbo yake, hakifai kuwa kalibu, wala zile bati za keki ndogo.

Hata boksi la maziwa lina siri yake. Maboksi ya maziwa yanayodumu muda mrefu bila friji yana karatasi nyembamba ya alumini katikati ya tabaka zake, na juu yake, upande wa maziwa, kuna ngozi ya plastiki. Plastiki hiyo ndiyo inayoilinda sabuni. Ukilisugua boksi kwa steelwool au kulikwaruza kwa kisu, umeifungulia kostiki mlango. Lioshwe kwa kitambaa laini, likatwe upande mmoja wa ubavuni, lilazwe. Wengine hupaka mafuta ya kula ndani ya kalibu ili sabuni isinate, halafu wanashangaa kwa nini inanata vilevile. Mafuta ya kula nayo yanageuzwa sabuni palepale! Yanayofaa ni yale ya mgando ya kupaka mwilini, aina ya Vaseline, kwa kuwa yanatokana na petroli na kostiki haiwezi kuyafanya chochote. Kwa kikombe cha mtindi paka kidogo sana. Boksi la karatasi halihitaji kupakwa, maana utalichana tu.

Sasa kazi yenyewe. Mama mmoja wa hapa Sakina, ambaye kazi yake nimeitazama kwa karibu, huvaa glavu za mpira, miwani ya fundi welda yenye kioo cheupe na fulana ya mikono mirefu hata kukiwa na joto. Hupima maji kwanza kwenye jagi. Kostiki huipima pembeni, kwenye kikopo kikavu, kisha huimimina kidogo kidogo ndani ya maji huku akikoroga, uso wake akiugeuzia upande upepo unakotoka. Utaratibu huo haugeuzwi: kostiki inaingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki, joto linaruka kwa ghafla na mchanganyiko unaweza kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, jagi hupanda joto kupita nyuzi 80 ndani ya dakika moja, na mvuke wake unakereketa koo. Yeye hulifunika, hulisogeza mbali, hurudi kwenye mafuta.

Mawese na nazi huyeyushwa taratibu, alizeti huongezwa mwishoni, na vyombo vyote viwili vinapofikia uvuguvugu ambao mkono unaweza kuushika kwa nje bila kuruka, kostiki humiminwa kwenye mafuta. Hapo ndipo mwiko unapoanza kazi. Mwanzoni ni maji ya rangi ya chungwa yaliyochafuka, yenye macho ya mafuta juu. Kidogo kidogo rangi inapauka, macho yanapotea, na mchanganyiko unaanza kuwa mzito kama uji wa ulezi. Akiinua mwiko na tone lililoanguka likaacha alama juu kabla ya kuzama, ameshafika. Kwa mkono hiyo inaweza kuwa robo tatu ya saa. Kwa blenda ya mkono ni dakika chache tu, ilimradi blenda hiyo isirudi tena kwenye supu. Manukato, kahawa ya kusagwa au asali kijiko kimoja huingia dakika hii ya mwisho. Kisha boksini, gonga boksi mezani mara mbili tatu hewa itoke, funika kwa nailoni ili uso wa sabuni usiote unga mweupe.

Umri wa sabuni hiyo ikiwa kwenye kalibu ni siku moja au mbili. Huku kwetu, ongeza. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi zake mnazijua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, kwa hiyo wakati wa baridi mchanganyiko unaweza kuonekana mzito kumbe ni mafuta yameganda tu, kostiki bado iko huru inasubiri. Anayemimina wakati huo hupata sabuni yenye tabaka mbili, juu laini, chini inachoma. Dawa yake ni kuyapasha mafuta vizuri kabla ya kuchanganya na kulifunga boksi kwenye blanketi au shuka zito usiku kucha.

Baada ya kukata vipande kuna kusubiri wiki 4 hadi 6, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu mteja ameshaona sabuni na anaitaka. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kostiki imeshaisha ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Muda uliobaki ni wa maji kutoka. Kipande kinapungua uzito, kinakuwa kigumu, povu linaimarika, na kinadumu bafuni. Sabuni ya wiki moja huyeyuka kwenye kisahani kabla familia haijaimaliza. Vipande vipangwe kwenye rafu ya mbao vikiachiana nafasi, vigeuzwe kila baada ya siku chache. Wakati wa masika usitegemee wiki 4. Kujua kama iko salama, mafundi wa zamani hugusisha ncha ya ulimi kwenye kidole kilicholowa sabuni hiyo: ikipiga kwa ukali mithili ya betri, haijaiva au kipimo kilikosewa. Sabuni nzuri ina ladha mbaya ya sabuni, basi.

Kuna jambo moja ambalo madarasa mengi hulipitia mbio. Mafunzo ya sabuni za miche huagiza kostiki ilazwe kwenye maji usiku mzima kabla ya kutumika. Kostiki iliyolala kwenye maji haina rangi wala harufu. Mtoto wa miaka miwili akiikuta kwenye chupa ya maji ya kunywa, au kwenye jagi lililoachwa sakafuni, atainywa, na koo lililoungua hivyo linapopona hubana, chakula kisipite. Madaktari wa watoto wanawafahamu wagonjwa hawa. Kwa kipimo cha boksi moja hakuna sababu yoyote ya kuilaza kostiki. Saa moja inatosha kupoa, na saa hiyo mtu asimame pale. Ikimgusa mtu, ni maji mengi yanayotiririka, mara moja na kwa muda mrefu. Ikiingia jichoni ni maji robo saa bila kukoma huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Aliyeinywa asitapishwe. Habari za kupaka siki achaneni nazo.

Mafuta yanayoingia kwenye boksi la Sakina yamesafiri kuliko sisi. Mawese yanatoka Kigoma. Alizeti inatoka Singida na Manyara. Nazi inapandishwa kutoka Tanga na Pwani, na kwa bei inayofika nayo Arusha inabidi mtu aihesabu kwa gramu kweli. Mafuta yaliyo jirani yetu ni ya parachichi, maana mlima Meru umejaa miparachichi, ila ni ya gharama na sabuni yake peke yake ni laini mno. Gramu 50 ndani ya 500 zinatosha kuandika jina lake kwenye lebo bila kudanganya. Yaliyo jirani zaidi, na ambayo watu wanayaonea aibu bila sababu, ni mafuta ya ng'ombe. Buchani huuzwa kwa bei ya kutupa. Yakichemshwa na maji na chumvi, yakachujwa, yakaachwa yagande juu, na zoezi hilo likirudiwa, hutoka meupe na karibu hayana harufu, na sabuni yake ni ngumu na ya kudumu. Sharti moja tu: iandikwe wazi kuwa ni ya ng'ombe. Katika mtaa wenye waumini wa kila dini, mteja ana haki ya kujua ni mnyama gani anayejipaka.

Maji ya huku nayo yana upande wake mzuri, ingawa tumezoea kuyalalamikia. Chemchemi na visima vya miteremko ya Meru vina floridi nyingi, katika sehemu nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watu wa hapa yanasema yenyewe. Lakini maji hayohayo kwa kawaida yana magadi mengi na chokaa kidogo. Chokaa ndiyo adui wa sabuni: ndiyo inayofanya povu likatike na kuacha utando kwenye beseni. Kwa hiyo sabuni ambayo visiwani, kwenye visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, ingesuasua, Sakina inatoa povu kwa mguso mmoja, na kuiondoa mwilini ndiyo kazi. Mtengenezaji wa hapa anaweza kupunguza nazi na mteja asijue. Wa Zanzibar hawezi, kwani sabuni ya nazi ndiyo inayovumilia maji magumu na hata ya chumvi.

Wenzetu wa Zanzibar, kwa bahati, nazi wanayo, na wameiongezea mwani. Kilimo cha mwani kilianza huko Paje na Jambiani mwaka 1989, wakulima wakiwa wengi wao wanawake, na kwa miaka mingi mwani mkavu uliuzwa nje kwa bei ndogo ya kilo. Mtafiti Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ni miongoni mwa walioshawishi uongezwe thamani palepale, na wanawake wa Kidoti wakawa wanausaga unga na kuutia kwenye sabuni. Ukiiangalia kwa jicho la jikoni, hatua yao si ya kutisha: ni mafuta yaleyale, kostiki ileile, na kitu kimoja ambacho mahali pao pana kwa wingi. Sisi tuna kahawa, asali, nta na parachichi.

Huwa naulizwa kama magadi ya kupikia maharage hayawezi kuchukua nafasi ya kostiki, hasa kwa kuwa yanatoka Ziwa Natron, mkoa huuhuu wa Arusha, chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano ambayo lava yake yenyewe ina magadi. Yenyewe peke yake hayana nguvu ya kuyageuza mafuta vizuri. Yakichemshwa na chokaa hutoa kostiki, na hivyo ndivyo watengeneza sabuni wa kale walivyokuwa wakiipata, lakini nguvu ya kostiki hiyo huwezi kuijua bila kipimo cha maabara. Kwa jikoni, nunua.

Mtu anaweza kuuliza haja yote hii ni ya nini wakati duka lolote pale barabarani lina sabuni za kila rangi. Wazee wanakumbuka wakati hazikuwepo. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mche wa sabuni ulipatikana kwa foleni kwenye maduka ya ushirika na ya RTC (kampuni za biashara za mikoa), au kwa magendo kupitia njia za panya za huku Namanga. Wapo waliofulia kwa majani ya mpapai. Mwaka 1983 Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na katoni ya sabuni uvunguni ikawa kesi. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo masharti ya kuagiza bidhaa nje yalianza kulegezwa, na sabuni zikarudi madukani.

Anayetengeneza leo hasukumwi na foleni. Viwanda vikubwa mara nyingi huitoa gliserini na kuiuza pembeni. Ya jikoni hubaki nayo yote, na ngozi inayokauka kwa upepo wa Agosti inaona tofauti. Na kuna soko la pekee ambalo mji huu unalo kuliko mwingine wowote bara: hoteli na kambi za watalii, zinazohitaji vipande vidogo kila siku.

Vipande hivyo vina hadithi. Derreck Kayongo, Mganda ambaye familia yake iliikimbia nchi wakati wa Idi Amin ikaenda Kenya, na ambaye baba yake alikuwa mtengeneza sabuni, alifika Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika hoteli huko Philadelphia aliona kila siku analetewa sabuni mpya wakati ile ya jana bado nzima, akadhani atalipishwa. Alipoambiwa kuwa zilizotumika hutupwa, akampigia baba yake simu. Mwaka 2009 akaanzisha Atlanta mradi wa Global Soap Project, wa kukusanya masalia hayo, kuyasafisha, kuyasaga na kuyafinyanga upya kwa ajili ya nchi zenye uhitaji.

Toleo dogo la mradi huo ndilo ningemwanzishia mtu ambaye hajawahi kushika kostiki. Kusanya masalia ya sabuni za kuogea za nyumbani kwako, yako mwenyewe, si ya wageni. Yakwangue kwa kikwangulio cha karoti, yanyunyizie maji vijiko vichache, weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Baada ya nusu saa yatalegea yawe ugali. Shindilia kwenye vikombe vya mtindi, acha siku mbili, toa, kausha wiki moja. Watoto wanaweza kushiriki, na mtengenezaji mpya anajifunza tabia ya kalibu kabla hajajifunza tabia ya moto.

Ukitaka kuuza, ofisi ni mbili. SIDO, iliyoanzishwa 1973, ina ofisi mkoani na inatoa mafunzo na barua ya utambulisho. TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia vipodozi vilivyokuwa chini ya TFDA, hupima na kutoa alama ya ubora. Mnunuzi wa hoteli ataiuliza alama hiyo kabla ya kunusa. Ataitaka lebo pia: mafuta yaliyotumika, uzito, tarehe, mahali. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, na karatasi ya kaki yenye kamba ya katani inawapendeza watalii kuliko plastiki yoyote.

Kwenye lebo hiyo kuna maneno mawili ningeyafuta. "Haina kemikali" ni uongo, maana bila kostiki hakuna sabuni, na kostiki ni kemikali. La pili ni "inang'arisha". Wateja wataliomba, watalisisitiza, wengine wataondoka bila kununua. Sabuni za kuchubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na anayeandika neno hilo kwenye sabuni ya mawese anajiweka kwenye kundi ambalo wakaguzi wanalitafuta.

Msimu ujao wa kuuza ni Desemba, wageni wakiwa wengi na watu wakitafuta zawadi za kubeba nyumbani. Rudisha wiki 6 na siku mbili za kalibu nyuma kutoka tarehe 20 na utajikuta wiki ya kwanza ya Novemba. Hapo ndipo sabuni ya Krismasi inapotakiwa kuwa ndani ya boksi, mvua za vuli zikiwa zimeanza na rafu ikihitaji kuwekwa ndani ya nyumba. Anayekumbuka Desemba Mosi auze kadi.